Inavuta, Lakini Inatema Nini?

Vijana wa atelie, karakana yetu ya mashine, wameniomba niandike niliyoyaona kazini kabla sijayasahau. Nimewaambia sitayasahau, maana vumbi nililolimeza limeshika kumbukumbu zote kama simenti. Wamesisitiza, na mtu aliyestaafu hana tena kisingizio cha kukosa muda, basi naandika. Nani alinipandisha cheo na nililipwa nini hamtavikuta humu. Cha kwanza hakiwahusu, na cha pili kingewachekesha.

Nimefanya kazi na aspirateri tangu ujana mpaka mvi. Vitabu vya shule vinaiita kifyonzavumbi, jina zuri ambalo sijawahi kulisikia likitoka kinywani mwa mtu hapa Bukavu. Nilianza kwa kuisukuma, nikaendelea kwa kuitengeneza, nikamaliza kwa kufundisha wengine waisukume bila kuiua. Watu hudhani hii ni kazi ya zulia. Mimi nasema ni kazi ya hewa, na kesi yangu ya mwisho, ambayo nitaifikia, ilihusu hewa na jina la mwanamke mmoja aliyekaribia kuitwa mtia sumu.

Mtashangaa pia kuona naandika Kiswahili cha kunyooka, nyinyi mlionisikia atelie nikipiga kelele za mtaa wa Kadutu. Baba yangu alikuwa mfanyabiashara wa Uvira, na babu yake alikuja na Kiswahili chake kutoka pwani, akakitunza kuliko alivyotunza bidhaa. Nyumbani kwetu ukisema "mutoto" ulinyimwa chai mpaka useme "mtoto". Nikishavuka mlango nilisema "mutoto" nilivyotaka. Kwa hiyo nina ndimi mbili, moja ya kuandikia na moja ya kuishi nayo.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa katika hoteli moja kando ya ziwa, yenye moketi nyekundu, zulia la ukuta hadi ukuta, kila chumba, mpaka kwenye ngazi. Mimi nilikuwa mtu wa ufagio. Msimamizi alinionyesha mashine iliyofanana na mbuzi mnene asiye na kichwa, akasema, "Utavutisha," akaondoka. Neno hilo moja ndilo lilikuwa mafunzo yangu yote. Nilipobonyeza kitufe ilinguruma, nami nikarukia kitandani na viatu vyangu, na mpaka nilipopata ujasiri wa kushuka ilikuwa imekwisha kumeza ncha ya pazia na tai ya mteja. Mteja mwenyewe alikuwa wakili. Alikwenda mahakamani bila tai, na nasikia alishindwa kesi, ingawa nadhani angeshindwa hata kwa tai mbili.

Aliyeitoa tai ile tumboni mwa mashine alikuwa Papa Mushagalusha, fundi wa hoteli, mtu wa kabila la Washi, mfupi na mkali, mwenye penseli sikioni ambayo sikuwahi kumwona akiiandikia. Huyo ndiye mwalimu wangu. Alinikuta nalia, akaniambia nisilie, mashine imefanya kazi yake, imekula. Kisha akaniambia jambo ambalo nimelirudia kwenu mpaka mnalichukia: kila kitu kinachokula, nenda ukatazame kilicholiwa kinatokea wapi. Alilisema kwa maneno makavu zaidi, kwa Kimashi, na sitayaandika kwa kuwa wajukuu zangu wanajua kusoma.

Maana hapa Bukavu aspirateri ina mtihani mmoja tu. Mteja anakuja, anaitazama, anauliza: inavuta? Ukisema inavuta, amemaliza. Anaweka kiganja mdomoni mwa bomba, mashine inakishika, anacheka kama mtoto, analipa. Sijawahi kumpata mteja aliyeuliza inatema nini. Papa Mushagalusha hakuwa na haja na mdomo. Alikuwa na leso nyeupe, aliyoifua mwenyewe kila jioni na ambayo hata mkewe hakuruhusiwa kuigusa. Akiletewa mashine aliizungusha, akaiwasha, akaiweka leso nyuma, pale hewa inapotokea, akasubiri. Leso ikibaki nyeupe alitikisa kichwa kwa heshima. Ikigeuka rangi ya chai ya maziwa alisema, "Hii haisafishe, inahamisha tu."

Nilihitaji muda kuelewa. Makombo, mchanga, nywele, kucha za mgeni asiye na adabu, hivyo mashine yoyote itavikamata. Shida ni vumbi laini, lile usiloliona mpaka jua lipenye dirishani. Hilo huingia kwa mdomo, hupita kwenye mfuko wa kitambaa bila kubisha hodi, hutoka nyuma kwa kasi, hupanda mpaka darini, kisha hushuka taratibu muda wote ambao watu wamekaa chumbani wakizungumza. Halafu bosi anapitisha kidole juu ya kabati na kusema mfanyakazi ni mvivu. Mfanyakazi si mvivu. Amelipandisha vumbi lile kabatini kwa nguvu ya umeme.

Yapo mambo katika kazi hii ambayo yanakwenda kinyume na akili. Mfuko mpya kabisa huachia vumbi laini zaidi kuliko mfuko ulioanza kupata uchafu ndani, kwa sababu vumbi lililotangulia hulizuia linalofuata. Ukijaa mno, mashine inakosa pumzi. Kwa hiyo mfuko una ujana, utu uzima na uzee kama sisi, na kazi nzuri huifanya katikati. Tena msidanganywe na filta ya bei, lile chujio la mwisho kabla hewa haijatoka. Filta nzuri kwenye mashine ambayo mpira wake wa kuziba umekatika ni mlango wa chuma kwenye nyumba isiyo na ukuta: hewa haina sababu ya kupita mlangoni. Ndiyo maana niliwafundisha kushika mpira kabla ya kushika filta, na ndiyo maana mliniita Maman Mpira nikiwa nimewapa mgongo. Nilikuwa nasikia.

Ilifika wakati mji ukapenda mashine za maji. Unatia maji ndani, unavuta, ukimaliza unamwaga maji meusi na kila mtu anashangaa jinsi nyumba ilivyokuwa chafu. Maji meusi yaliuza mashine nyingi. Papa Mushagalusha aliweka leso yake nyuma ya mojawapo, ikatoka na kivuli. Vumbi lenye uzito linazama, akasema, lakini lile laini linapanda ndani ya povu na kutoka bila hata kulowa. Aliyeileta alikasirika, kwa sababu alikuwa ameahidi shemeji zake wawili kuwauzia za aina hiyo.

Halafu kuna wino wa unga, na hapo naomba mnisikilize. Nilikuwa nimekwisha kuhamia kampuni ya usafi nilipoitwa kwenye kibanda kimoja cha fotokopi kule Nyawera. Mashine ya fotokopi ilimwaga wino, na mwenye kibanda, mtu msafi, akaazima aspirateri ya kanisa lake akauvuta. Wino ule ni laini kuliko unga wa muhogo uliochekechwa mara mbili. Ulipita kwenye mfuko wote, ukatoka nyuma, ukatua juu ya wateja waliokuwa wamepanga mstari. Nilimkuta bibi arusi mtarajiwa, aliyekuwa amekuja kunakili karatasi za ndoa, akiwa na sharubu. Mwenye kibanda alikuwa anamhakikishia kwamba mashine inavuta sana.

Lakini ugonjwa wetu mkubwa si wino, ni sabuni. Mtu wa Bukavu akiona kitu kichafu anakiosha, na hilo ni jambo la kujivunia. Tazameni viatu vyetu wakati wa mvua, tope la mji mzima na kiatu kinang'aa. Sasa mpe mtu kama huyo filta ya karatasi iliyojaa vumbi. Ataisugua kwa sabuni ya unga, ataikamua, ataianika kwenye kamba kati ya mashati. Karatasi inagandamana au inatoboka. Ikitoboka, vumbi lote laini linapita. Ikigandamana, mashine haivuti, na mashine isiyovuta hapa kwetu haina heshima hata kidogo.

Kesi ya mwisho ilizaliwa hapo. Kampuni yetu ilikuwa inasafisha ofisi za shirika moja kule Muhumba, katika nyumba ya zamani yenye moketi ya kijivu iliyotandikwa na watu ambao sasa ni marehemu. Tulikuwa tumempanga pale Espérance, mwanamke hodari, mwepesi wa kucheka. Nilipigiwa simu kwamba mashine imeanza kunguruma kwa sauti ngeni, nije niitazame. Nilipofika nilikuta ofisi ina jambo kubwa kuliko mashine.

Mkuu wa fedha, Papa Deo, alikuwa anakohoa. Si kikohozi cha mafua. Kila asubuhi alifika mzima, akaingia kwenye kikao cha kila siku pamoja na wenzake, akatoka, akaketi ofisini kwake, akaletewa chai ya saa nne, na kabla kikombe hakijafika nusu kifua kilimbana. Jumamosi na Jumapili, hakuna kitu. Akitumwa Minova kwa kazi, hakuna kitu. Akirudi ofisini, chai, kikohozi. Hapa kwetu hesabu ya namna hiyo ina jibu moja, nalo ni karuho. Kwa msomaji asiye wa Kivu: karuho ni ile sumu ya polepole ambayo mtu mwenye wivu anasemekana kukutilia kwenye kinywaji au chakula. Ukikonda ni karuho, tumbo likikataa kutulia ni karuho, na kikohozi kisichokwisha ni karuho kabisa. Papa Deo alikuwa amekwisha kwenda kwa mganga akatapishwa, na alichotapika ni supu ya samaki. Sisemi kwamba duniani hakuna watu wanaotiliana sumu. Nasema tu kwamba karuho imebebeshwa magonjwa mengi kupita nguvu zake.

Chai ile ilipikwa na Maman Nabintu. Alikuwa pale tangu ofisi ifunguliwe, na tangawizi yake ilisifiwa na wageni mpaka wa kutoka Kinshasa. Sasa wafanyakazi walikuwa wanakuja na themosi zao kutoka nyumbani, wanaziweka mezani waziwazi, na birika la Nabintu linapita kati yao bila mtu kuligusa. Mkurugenzi, ambaye wafanyakazi walimwita Madame Directrice, mama mwenye akili zake lakini mwoga wa fujo, alikuwa ameamua kumpumzisha Nabintu kuanzia Jumatatu iliyofuata, mpaka mambo yatulie. Mnajua kwetu mtu akipumzishwa kwa sababu ya karuho haendi kupumzika. Habari humtangulia nyumbani. Nabintu alikaa Kadutu, kule nyumba zimebanana mpaka zinasikiana, na tayari jirani yake alikuwa amewakataza watoto kupokea hata ndizi mkononi mwake. Watu waliosemwa hivyo wamewahi kutolewa nyumbani kwao kwa mawe. Hapo sifanyi mzaha.

Nilimkuta jikoni anasugua sufuria ambayo tayari ilikuwa safi. Tulijuana kidogo tu, kwa salamu. Hakulia.

"Kazi nitapata ingine, Maman Zaina," aliniambia. "Nitauzisha hata makala ya kupikia. Lakini jina ikisha kuharibika, banauzishaka wapi ingine?"

Nilisikia hasira, na chini ya hasira nilisikia woga, kwa sababu sikuwa na kitu cha kumsaidia zaidi ya bisibisi. Nikaenda kutazama mashine.

Mashine ilikuwa ofisini kwa Papa Deo, maana katika upande ule wa nyumba prizi moja tu ya kuchomekea waya ndiyo iliyokuwa na umeme, nayo ilikuwa chini ya meza yake. Mwenyewe alikuwepo, ameegemea kiti, amekonda shingo. Alinikaribisha kwa upole, akaanza kunieleza ugonjwa wake kama ilivyo kawaida ya wagonjwa, na mimi nikawa naitikia huku nafungua skrubu. Alisema hajui kama ataiona Noeli. Kisha akataja ushahidi wake mkubwa.

"Ile juma courant ilikosekana, sikukohoa hata siku moja," alisema, yaani lile juma la kukosa umeme. "Unaona, maman? Alikuwa anapika chai inje, na makala, batu bote banamuangalia. Hakukuwe njia ya kutia kitu."

Nilimuuliza kama juma lile alikunywa chai. Alisema alikunywa vikombe viwili kila siku, kwa kuwa chai ya makala, yaani ya mkaa, ina ladha yake. Nikaacha skrubu. Niliigeuza mashine, nikafungua mgongo wake, na mahali pa filta palikuwa wazi kama kinywa cha mtoto aliyeng'oka meno.

Nilimwita Espérance, akaja amechangamka, akaenda kabatini, akaniletea filta imekunjwa vizuri katika mfuko wa plastiki. Ilikuwa inanukia sabuni. Alikuwa ameiosha kila Jumamosi mpaka ikagandamana, na kwa kuwa umeme wa asubuhi kule ni dhaifu, mashine ikashindwa kabisa.

"Ilikuwa inazuia, maman," alinieleza kwa nini aliitoa. "Nikaitosha, ikaanza kuvuta muzuri sana. Hata Madame Directrice alinishukuru."

Sikumgombeza. Alifanya ambalo mji mzima ungefanya, na zaidi ya hapo alikuwa ameitunza filta, hakuitupa mali ya kampuni. Niliuliza tu anavyofanya kazi. Alisema husafisha wakati wakubwa wako kikaoni, mashine imekaa pale pale kando ya kiti cha Papa Deo kwa sababu ya prizi, mgongo wake umeelekea kiti, na madirisha yamefungwa ili vumbi la barabara lisiingie. Akimaliza tu, kikao nacho kinakwisha. Papa Deo anaingia, anaketi katikati ya kila kilichotemwa kutoka kwenye moketi ya marehemu, na wakati huo huo Nabintu anafika na sinia. Chai na vumbi viliingia pamoja, lakini chai ndiyo iliyoonekana.

Nilimweleza Papa Deo jioni ile, naye alinisikiliza kama mtu anayesikiliza mahubiri ya dhehebu jingine. Alikuwa na pingamizi, na halikuwa la kipumbavu. "Miye nilikula vumbi ya barabara ya Minova mupaka meno ikakuwa nyekundu," alisema. "Na sikukohoa. Vumbi ya ofisi, na moketi, itaniua namna gani?" Nilimjibu kwamba vumbi la Minova kwa sehemu kubwa ni nene, hukwama puani, jioni unalipenga linabaki kwenye leso. Lile la moketi ni laini, limebeba miaka ya ngozi za watu na vijidudu vyake, na haliishii puani, linakwenda mpaka chini. Akasema atafikiri. Nikamwomba kesho asiende kikaoni, aje atazame kwa macho yake kabla chai haijapikwa.

Kesho yake tulifunga mapazia, tukaacha upenyo mmoja ambamo jua la asubuhi liliingia kama ubao mweupe uliolazwa hewani. Mkurugenzi alikuja pia. Nabintu alisimama koridoni, na sikumwita ndani wala sikumfukuza. Nilimwambia Papa Deo abaki mlangoni. Kisha Espérance akawasha mashine jinsi alivyoizoea, bila filta. Mwanzoni hatukuona kitu. Halafu katika ule ubao wa jua ukapanda moshi, moshi usio na harufu, mwingi, unatoka mgongoni mwa mashine na kujiviringisha mpaka darini. Espérance alishika kinywa. Papa Deo hakubaki mlangoni, wakubwa hawabaki mlangoni. Aliingia, akainama atazame vizuri, na kifua kikamkamata pale pale. Tulizima, tukafungua madirisha, tukamtoa barazani amejishikilia kwangu na kwa mkurugenzi.

Pumzi iliporudi alitazama mikono yake. Ilikuwa mitupu.

"Chai iko wapi?" aliuliza.

"Haiyaanza hata kuchemuka, papa," Nabintu alijibu kutoka koridoni.

Mtu wa fedha ni mtu wa fedha. Aliketi barazani na kupiga hesabu mwenyewe, kwa sauti. Jumapili, mashine hakuna. Minova, mashine hakuna. Juma lile la giza, mashine hakuna, lakini chai vikombe viwili. Nilimwachia hesabu yake, kwa sababu mtu huamini jumla aliyoijumlisha mwenyewe. Mchana alikwenda kwa daktari, siyo kwa mganga, akarudi na jina la pumu na kichupa cha kupulizia kinywani.

Kwa upande wa mashine mambo yalikuwa mepesi. Nilikuwa na filta mpya ya aina ile atelie, nikabadilisha na mpira wa kuziba, nikaweka leso nyuma, ikabaki nyeupe. Nikamwambia Espérance asafishe jioni watu wakiisha kuondoka, madirisha wazi, na filta ikichoka asiioshe, aniite. Moketi tuliing'oa ofisini kwa Papa Deo kwanza. Chini yake tulikuta vigae vizuri vya maua ambavyo hakuna aliyejua vipo.

Kwa upande wa watu haikuwa nyepesi. Lisemwalo lipo, alipenda kusema baba yangu, na kama halipo laja. Mchana ule ule lilikwisha kuja: wengine wakaanza kunong'ona kwamba Nabintu ameitia dawa na mashine. Themosi zilibaki mezani. Mkurugenzi aliniambia kwa huzuni ya kweli kwamba yeye binafsi ameelewa, ameona kwa macho, lakini kama watu hawanywi chai atamweka mpishi wa chai wa nini? Alisema atangoja Ijumaa, siku ambayo ofisi nzima hukutana ukumbini, aone. Nami nikatafuta sababu ya kuwepo. Nilisema nakuja kukagua mpira.

Ijumaa Nabintu aliingia na sinia, akapanga vikombe, akamimina. Hapa kwetu anayemimina huonja kwanza, hata kama ni kasiksi, ile pombe ya ndizi ya sherehe, ili mgeni aone kwamba hakuna kitu ndani. Majuma yote yale Nabintu alikuwa ameonja mbele yao, na bado hawakunywa. Siku ile alimaliza kumimina, akaweka birika chini, akakunja mikono juu ya kitambaa chake cha jikoni, akasimama. Bwana mmoja akamwambia, kwa sauti ya kubembeleza, "Maman, onja basi."

"Leo sionje," alisema Nabintu. "Nimeonja ya kutosha."

Hakuna aliyetazamana na mwenzake. Nilimwona mkurugenzi akiteremsha macho kwenye karatasi zake, na nikajua Jumatatu ya kumpumzisha ndiyo hiyo. Papa Deo akasimama. Alinyoosha mkono juu ya kichwa cha jirani yake, akachukua kikombe kilichokuwa karibu, akakiinua, akakinywa chote kwa mkupuo mmoja mpaka tukaona kitako cha kikombe.

Macho yalimtoka. Halafu akaanza kukohoa.

Kiti kimoja kilisogea nyuma. Mkurugenzi aliweka mkono kinywani. Nabintu hakusogea, lakini kitambaa mikononi mwake kilikuwa kimesokotwa kama kamba, na mimi niliyefika pale na maneno yangu yote ya filta na mpira nilijikuta nasema ya Rabi, ya Rabi, kimoyomoyo, kwa sababu nilijua sasa hakuna leso itakayomwokoa. Papa Deo aliinua mkono mmoja tungoje, machozi yanamtiririka, anaitafuta pumzi. Akaipata.

"Iko ya moto," alisema.

Mtu mmoja alicheka, halafu wote, kicheko cha watu waliokuwa wameshikilia pumzi majuma mengi. Nabintu alikwenda akamnyang'anya kikombe mkononi, akachungulia ndani, akakijaza tena mpaka ukingoni.

"Hii ingine upulize kwanza, papa," alimwambia.

Papa Deo akapuliza, akanywa. Na themosi ya kwanza kurudishwa mkobani ilikuwa ya mkurugenzi.